Dakika Nzima

Mhadhara kwa wazazi wa watoto njiti na wauguzi wao, Tanga, Novemba 2025



Mliyemwita kusema nanyi si daktari. Ni mwalimu wa hesabu wa sekondari ambaye kwa miaka saba sasa ni baba wa mtoto njiti. Aliyenialika aliniomba nizungumzie furaha ya malezi. Nikamwambia furaha ipo, ila mimi ninachokijua vizuri zaidi ni kifua. Kifua cha mtoto mmoja, ambacho kwa miaka miwili nilikitazama kuliko nilivyoutazama ubao. Kwa hiyo leo nitasema habari za kifua, na mkitoka hapa mnajua kuhesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima, mengine yote mnaweza kuyasahau.

Mwaka 2018 mke wangu alipandisha presha mimba ikiwa ya wiki 29. Mtoto anayezaliwa kabla ya wiki 37 kutimia anaitwa njiti. Wetu alikuwa hata robo tatu ya safari hajaifikisha. Kabla ya kumzalisha, wakamchoma sindano za deksamethasoni. Nikauliza, presha inatibiwa na hizo? Sista akaniambia, hizi si za mama, ni za mapafu ya mtoto. Akazaliwa ana gramu 1,180. Nilipotoka nje kupata hewa nilijikuta nasimama kwenye duka la jirani na kupiga hesabu kichwani: kilo ya sukari na kikombe kimoja cha mchele.

Niwaeleze zile sindano, kwa sababu mimi zilinichukua miezi kuzielewa. Ndani ya mapafu mna vifuko vidogo vya hewa, mamilioni. Chukueni vile vifuko vya nailoni ambavyo kina mama hufungia barafu za kuuza. Kikiwa kikavu unakipuliza kinajaa. Kikiloa ndani, kuta zinagandana, unapuliza mpaka mashavu yanauma. Mapafu yaliyokomaa yana utelezi wake, kitu cha mafuta kinachofanya kazi kama sabuni ili kuta zisigandane. Utelezi huo hutosha mimba ikikaribia wiki 34 au 35. Mtoto wa wiki 29 anakuja duniani kwenye vifuko vilivyoloa, na kila pumzi anaianza upya, kama mtu anayepuliza puto jipya kila mara.

Jambo hilo halikujulikana mpaka mwaka 1959, Mary Ellen Avery na Jere Mead walipoonyesha, kule Boston, kwamba watoto waliokuwa wakifa kwa kushindwa kupumua walikosa utelezi huo. Miaka minne baadaye, Agosti 1963, Rais Kennedy wa Marekani alipata mtoto wa kiume aliyewahi kwa wiki tano na ushei, ana kilo mbili na kidogo. Alikufa baada ya saa 39. Baba yake alikuwa na ndege, majeshi na madaktari wote wa nchi ile. Nimewaona wodini watoto wa kilo mbili. Siku hizi hata hawashangazi mtu, na kina mama wenye watoto wa kilo moja huwaangalia kwa wivu.

Kwa zile sindano tunawashukuru kondoo. Graham Liggins wa New Zealand alikuwa akichunguza kitu kinachoanzisha uchungu kwa kondoo, akaona wanakondoo waliopata dawa ya jamii ya sindano hizo tumboni wanazaliwa kabla ya wakati wao na bado wanapumua, wakati kwa hesabu zote walipaswa kufa. Yeye na mwenzake Ross Howie wakaijaribu kwa kina mama, wakachapisha matokeo mwaka 1972. Leo ni sindano ya bei ndogo. Mama yeyote anayetishiwa kujifungua mapema, akiwa hospitali, ana haki ya kuuliza kwa adabu: sindano ya mapafu ya mtoto nimeshachomwa?

Nimekaa sana kwenye sindano. Tusonge.

Kijana alikaa siku tisa kwenye kile kisanduku cha joto, pua zimeunganishwa na mashine inayosukuma hewa kupitia chupa ya maji inayotoa mapovu. Siku ya kumi sista akaniambia, "Mwalimu, vua shati." Wodi nzima ni kina mama. Nikamwambia, sista, mbele ya watu wote hawa? Akasema, "Hapa hakuna mwanamume wala mwanamke, hapa kuna joto tu. Mke wako presha haijashuka, nani mwingine?" Nikavua. Akanibandika mtoto kifuani, amevaa kofia, soksi na nepi iliyokunjwa mara mbili, akatufunga pamoja kwa kitenge. Kina mama wakacheka mpaka mmoja akashika kidonda cha upasuaji. Basi nikawa kangaruu.

Mnayoyafanya hapa ya kumbeba mtoto ngozi kwa ngozi yalianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Daktari Edgar Rey alikuwa na watoto wengi na visanduku vichache, akawakabidhi mama zao wawe visanduku. Kwa miaka mingi wenye visanduku vya kutosha waliiona kama dawa ya maskini. Kisha ukaja utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania: watoto wa kati ya kilo moja na kilo 1.8 waliobebwa mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali itulie, walikufa kwa robo pungufu ya wale waliosubirishwa. Mimi nilisubirishwa siku tisa. Sina kinyongo, ndivyo ilivyojulikana wakati ule. Ila nyinyi msikubali kusubirishwa bila kuelezwa sababu.

Tuliruhusiwa siku ya 47, ana gramu 1,850. Arobaini yake ilipita wodini. Nyumbani ndugu walikuwa wameshapika pilau, vigelegele vikaanzia kwenye bajaji. Na hapa ndipo wengi wetu tunapokosea: tunadhani kutoka wodini ni kumaliza. Karatasi ya ruhusa inasema mtoto anaendelea vizuri. Haisemi kwamba mapafu yale yaliyofunguliwa kwa mashine bado ni machanga, njia zake za hewa ni nyembamba kama bua, na kwamba mafua yatakayomfanya dada yake apige chafya mara tatu na kwenda kucheza, yeye yatamrudisha kwenye oksijeni.

Yalimrudisha. Mara tano katika miezi 18 ya mwanzo.

Nitawasimulia ya kwanza tu, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha. Alikuwa na miezi mitatu na nusu tangu kuzaliwa. Dada yake, darasa la kwanza, alirudi shule na kamasi mbili zimening'inia, akamkimbilia mdogo wake kabla ya kuvua viatu. Siku tano baadaye mtoto akaanza chafya. Halafu akaanza kunyonya kwa vipande: mafunda matatu, anaachia, anahema, anarudi, analia. Usiku ule, yapata saa nne, nikamfunua fulana, nikawasha saa ya simu, nikahesabu pumzi kwa nusu dakika. Zikawa 24. Nikazidisha kwa mbili, 48. Wodini tulikuwa tumeambiwa kwamba mtoto wa miezi miwili hadi mwaka akifikisha pumzi 50 kwa dakika, hiyo ni pumzi ya haraka, akimbizwe hospitali. Na 48 ni pungufu ya 50. Hilo hata kidato cha kwanza wanalijua. Mke wangu akasema, "Baba, mimi mtoto huyu simwelewi." Nikamwonyesha hesabu yangu. Akanyamaza, lakini hakulala. Alikaa na mtoto kifuani, mgongo ukutani.

Saa kumi alfajiri aliniamsha kwa teke. Kila mtoto akivuta hewa, nyama ya chini ya mbavu ilizama ndani kama mtu anayebonyeza unga uliokandwa. Pua zinatanuka. Kichwa kinaitika juu chini, kama anakubali jambo. Na mwisho wa kila pumzi kasauti kadogo, mguno. Tukapanda bodaboda watatu, jambo nisilomshauri mtu.

Hospitali sista alimlaza, akavua saa yake ya mkononi, akaiweka juu ya shuka kando ya tumbo la mtoto, akatulia. Nikaona anachukua muda mrefu mno, nikataka kusema kitu. Akainua kidole nisubiri. Dakika nzima. Akasema, "66. Wewe ulipata ngapi?" Nikamwambia. "Ulihesabu nusu?" Nikakubali. Akaniambia, na haya ni maneno yake kama ninavyoyakumbuka: watoto hawa wanapumua kama mzee anayepanda ngazi, anakwenda upesi, anasimama, anakwenda tena. Nusu dakika yako ikiangukia pale aliposimama, umehesabu kituo, hukuhesabu safari. Kisha akaongeza jambo lililonitoa jasho: kule kusimama kwenyewe, kwa njiti mwenye mafua, ni dalili, akisimama mpaka sekunde 20, hiyo si pumziko tena.

Mwalimu wa hesabu, na kosa langu lilikuwa la kuzidisha.

Viwango hivyo viandikeni mahali mnapoviona, mimi niliviandika kwa chaki nyuma ya mlango: chini ya miezi miwili, 60 kwa dakika, miezi miwili hadi mwaka, 50, mwaka hadi mitano, 40. Akifikia hapo au kuzidi, hakuna mjadala. Na msisubiri namba kama kifua kinabonyea, au ameshindwa kunyonya, au hazinduki vizuri. Kuhusu midomo kuwa ya bluu, kwa ngozi zetu mdomo unaweza kukuficha. Tazama ulimi na ufizi. Hesabu mtoto akiwa ametulia, bora amelala, maana mtoto anayelia atakupa namba ya kilio chake.

Na mhesabuni akiwa mzima! Hili nilichelewa kulijua. Kwa wiki kadhaa baada ya kurudi nyumbani kutoka kulazwa kule nilimhesabu kila usiku akiwa hana mafua, nikapata kwamba usingizini kawaida yake ni 40 na kitu. Kwa hiyo siku moja nilipopata 54, sikuhitaji kuuliza kitabu. Nikafungua daftari: tarehe, saa, pumzi, amenyonya mara ngapi, amekojoa nepi ngapi. Daftari lile lina kazi nyingine ambayo sikuitarajia. Kabla yake, katika kituo kimoja ambacho sitakitaja, mtabibu aliandika mafua akiwa bado anaongea na mtu mlangoni, hakumfunua mtoto, akatupa amoksilini na dawa ya kikohozi ya maji. Mzazi akisema "hali yake si nzuri," anasikika kama wazazi wote. Akisema "tangu saa nane usiku amepanda kutoka 42 hadi 61, anabonyea, nepi ni moja tu," mtu anaweka kalamu chini. Nimeona kalamu ikiwekwa chini zaidi ya mara moja. Sisi wazazi hospitalini hatuna cheo, basi tuwe na namba.

Lakini nisimsahau mke wangu. Ule usiku yeye hakuhesabu chochote na ndiye aliyekuwa sahihi. Nimelifikiria sana hilo. Naona "simwelewi" ya mama ndiyo inayokuambia lini uchukue saa. Saa haiwezi kukuambia hivyo.

Mtoto alilazwa siku sita. Nikategemea atachomwa sindano kali, nikaambiwa hiki ni kirusi, kimevimbisha vijia vidogo vya mwisho vya hewa, na dawa ya kukiua haipo. Kilichopo ni oksijeni, maziwa ya mama kwa mrija wa puani, kusafisha pua kwa matone ya maji ya chumvi, na kungoja. Nilikasirika. Mtu umezoea hospitali ni mahali pa kupewa kitu. Baadaye nikaelewa kwamba muuguzi aliyenikatalia dawa isiyofaa alinifanyia hisani kubwa kuliko yule mtabibu aliyenipa mbili.

Kirusi mwenyewe anayeongoza kwa kazi hiyo duniani ni RSV. Aligunduliwa mwaka 1956 huko Marekani kwa sokwe wa maabara waliokuwa na mafua. Mwaka uliofuata wakamkuta kwa watoto wa binadamu. Na baadhi ya kazi nzuri zaidi ya kumchunguza imefanyika jirani yetu tu: ukivuka Horohoro, ukapita Mombasa, unafika Kilifi. Huko watafiti walizifuatilia kaya kwa miezi, wakichukua vipimo vya pua za watu wote wa nyumba, ili wajue nani anamletea mtoto mchanga ugonjwa. Jibu likawa lile lile nililoliona kwangu na kamasi zake mbili: mara nyingi ni kaka na dada, hasa wanaosoma shule.

Sasa chanjo ipo. Tangu mwaka 2023 kuna ya kumchoma mama mjamzito ili kinga imfikie mtoto tumboni, na kuna sindano ya kinga ya kumchoma mtoto mwenyewe. Shirika la Afya Duniani limezipendekeza zote mbili. Ila ya mama ina kejeli yake kwetu: kinga huvuka kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto hasa katika miezi mitatu ya mwisho, na miezi hiyo ndiyo watoto wetu walioikosa. Njiti anaihitaji ile ya kwake mwenyewe, nayo ndiyo ghali. Kijana wangu hakuipata. Ulizieni kila mnapokwenda kliniki. Kitu kisichoulizwa hakiharakishwi.

Tuje nyumbani, maana huko ndiko vita vyenyewe, na adui mara nyingi ni mtu unayempenda.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Pangani. Kwake nyumba yenye mzazi isiyofukizwa ubani ni nyumba ya watu waliokata tamaa. Alikuja na chetezo chake amekifunga kwenye kanga. Mimi nilikuwa nimeshatoa jiko la mkaa nje, nimepiga marufuku dawa ya mbu ya kuchoma, na sasa kuna moshi mtakatifu. Huwezi kumwambia mkweo "zima." Nikamwendea sista wetu, akaja nyumbani kama mgeni, akanywa chai, akamwambia, "Bibi, tunakuhitaji kwa kazi moja, mlango." Akampa cheo. Kuanzia siku ile mama mkwe alikaa kwenye mkeka barazani, ndoo yenye bomba na sabuni upande mmoja, tasbihi upande mwingine. Mgeni akija kuona mtoto: mikono kwanza. Mwenye mafua: "Salamu zimefika, mwanangu, mafua yako baki nayo." Shemeji yangu mmoja alinuna mwezi mzima. Chetezo alikihamishia mwenyewe kwa jirani, na akawa anakwenda kujifukiza huko, anarudi ananukia kama siku ya harusi. Corona ilipokuja mwaka 2020 na ndoo zikajaa kila mlango, alitembea mtaani kama mtu aliyetabiri.

Hakunishinda kwa ubani, nusura anishinde kwa kilimi. Baada ya kulazwa mara ya pili, jirani alimwambia kikohozi kisichoisha ni kilimi kirefu, na kuna fundi anakikata kwa dakika moja. Najua humu ndani wapo waliokatwa utotoni, na wapo waliokatiwa watoto wakapona kikohozi, kwa sababu kikohozi cha mafua hupona hata ukikata ukucha. Kilimi hakileti kikohozi. Kukikata kunaleta damu isiyokatika na jeraha linalooza kooni, na watoto wamekufa kwa hilo. Mtoto wa mapafu machanga hana damu ya kupoteza wala koo la kuvimba. Sista yule yule alichukua tochi, akamwita mjukuu mkubwa wa bibi, yule wa kamasi, akamwambia afungue kinywa. "Bibi, hiki ni kirefu au kifupi?" Kirefu, akasema bibi. "Na huyu anaumwa?" Bibi akatazama tena. Mtoto akacheka, kilimi kikacheza. Habari za fundi zikaishia pale.

Mengine nitayataja kwa haraka. Asali haipewi mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, hata ukiichanganya na ndimu. Ina vijidudu ambavyo tumbo lake haliviwezi. Dawa za kikohozi za maji hazisaidii kitu. Chanjo zinakwenda kwa tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo usikubali kuambiwa uahirishe pentavalenti ya wiki sita kwa sababu mtoto "ni mdogo". Udogo ndio sababu ya kuwahi. Kukaa, kusimama na kutembea ndiko kunakohesabiwa kwa tarehe aliyopaswa kuzaliwa. Kwa hiyo mtoto wenu ana umri wa aina mbili hadi afike miaka miwili, na kila mwenye swali la "mbona hajakaa?" mjibuni kwa ule mdogo.

Kijana alipofika miaka miwili kilio kikabadilika: kila mafua yakaacha filimbi kifuani. Daktari akaandika dawa ya kuvuta kwa pampu. Ukimpulizia mtoto mdogo pampu mdomoni moja kwa moja, dawa inagonga ulimi na kuishia hapo. Inahitaji chumba cha kati, na cha dukani bei yake ilitukatisha tamaa. Sista akaniambia nilete chupa ya maji ya nusu lita. Alipasha waya moto, akatoboa kitako cha chupa tundu la umbo la mdomo wa pampu, akaichomeka hapo, na kwenye mdomo wa chupa akafunga barakoa ndogo ya mtoto. Nikadhani ni ufundi wa shida. Baadaye nikajua kwamba Heather Zar na wenzake wa Cape Town waliipima chupa ya aina hiyo dhidi ya vyumba vya kununua kwa watoto wenye pumu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yakaonyesha haikuzidiwa. Ile ya kwetu ilidumu mpaka ikapasuka. Msijitobolee wenyewe bila kuonyeshwa, tundu likiwa kubwa dawa yote inatoka nje.

Wapo watakaoniuliza tulimudu vipi, kwa kazi na pesa. Vibaya. Sheria iliwapa kina mama siku 84 za likizo ya uzazi, nami kama baba siku tatu. Za mke wangu, 47 zilikwisha mtoto akiwa bado wodini, kwa hiyo alirudi kazini mtoto akiwa, kwa tarehe aliyopaswa kuzaliwa, hata mwezi hajafikisha. Nilifundisha vipindi vya asubuhi, nikalea mchana, usiku tuligawana: yeye mpaka saa saba, mimi mpaka alfajiri. Tuligombana kwa mambo ya kipuuzi, dirisha, shuka, nani amekohoa. Mwaka 2025 sheria ya kazi ilirekebishwa ili mama wa mtoto njiti aongezewe muda. Sisi imetukuta tumeshavuka, lakini niliisoma kwenye simu nikiwa ofisi ya walimu, nikatoka nje kidogo.

Kijana yupo darasa la pili. Vifuko vya hewa huendelea kuota miaka ya mwanzo baada ya mtoto kuzaliwa, na kwake tulianza kuona nafuu karibu na miaka mitatu. Tangu hapo hajalazwa. Kipupwe kikija anakohoa kuliko wenzake. Anacheza namba saba, anakimbia, anashika magoti, anakimbia tena. Mimi nikiwa pembeni ya uwanja huwa natazama tumbo lake, na mke wangu hunikanyaga mguu.

Sasa maneno yatosha. Mama uliyevaa kitenge cha njano, mwanao amelala vizuri, utaniruhusu? Ahsante. Mfunue kidogo hapo juu ya tumbo, asipate baridi. Wengine sogeeni, msimguse. Tazameni tumbo: likipanda na kushuka, hiyo ni moja. Simu zizimwe. Hesabuni kimoyomoyo, asitoe mtu sauti, namba tutalinganisha baadaye. Akisimama, nanyi simameni naye, msimkatie. Sista ana saa yenye mshale; hakuna kuinua kichwa mpaka aseme basi.

Sista, uko tayari?